SOMO LA LEO: Kabla hujaandika "rafiki wa mazingira" kwenye tangazo la gesti yako



Juzi dada mmoja wa Mpanda aliniandikia inboksi. Ana gesti ya vyumba 8, si mbali na stendi. Wateja wake wengi anawapata WhatsApp na Instagram: wafanyabiashara wa mpunga, watumishi walio safarini, abiria wanaosubiri basi la alfajiri, na mara mojamoja watalii wanaoelekea Hifadhi ya Katavi. Aliandika hivi:

"Habari admin. Naona hoteli za kule mbugani zinajiita rafiki wa mazingira na wateja wanazipenda. Na mimi nikiandika hivyo kwenye ukurasa wangu kuna shida? Maana kwangu hali ni ngumu. Ikifika mwezi wa tisa maji yanakuwa ya shida, nanunua kwa madumu mpaka faida yote inaishia kwenye maji."

Nikamuuliza, "Dada, mteja akifika leo utamwonyesha nini?"

Akajibu, "Uani kuna mwembe."

Tulicheka wote. Lakini swali lake ni la maana sana, na nimeona tulifanye somo, kwa sababu ndani yake kuna mambo mawili ambayo yeye aliyaona ni tofauti: neno la kupendeza kwenye tangazo, na bili ya maji inayomtoa jasho. Kumbe ni jambo moja. Ukilishughulikia la pili, la kwanza linakuja lenyewe, tena ukiwa na ushahidi mkononi.

Hata kama huna gesti, soma. Kama unauza sabuni, vikapu, asali, shuka au chakula mtandaoni, chini kuna sehemu yako.

KWANZA, TUELEWANE MAANA

Gesti rafiki wa mazingira si lazima iwe na paa la makuti na picha ya twiga ukutani. Ni gesti inayotumia maji kidogo, umeme kidogo na mkaa kidogo kwa kila mgeni anayelala, inayotoa taka kidogo, na inayojua taka hizo zinaishia wapi. Basi. Ukiangalia vizuri, hivyo vitu vyote vinatoka mfukoni mwako kila mwezi. Kwa hiyo mwenye gesti ndogo ana sababu mbili za kuvipunguza: ardhi tunayoishi, na daftari la matumizi.

Mfano mzuri wa hapa nchini ni Chumbe, kisiwa kidogo karibu na mji wa Zanzibar. Pale kuna nyumba 7 tu za wageni. Kisiwa hakina mto wala kisima, kwa hiyo maji ya mvua yanavunwa kwenye mapaa na kuhifadhiwa kwenye matangi chini ya nyumba zenyewe. Maji ya kuoga yanapashwa na jua. Vyoo ni vya mboji, havitumii maji kabisa. Maji machafu ya bafuni yanachujwa kwenye bustani ya mimea. Mradi huo ulianza miaka ya 1990, na mwaka 2000 ulipata tuzo ya mazingira ya Umoja wa Mataifa. Sasa wale wana vyumba 7, wewe una 8. Udogo si kisingizio. Tena kwenye gesti ndogo ni rahisi, kwa sababu unajua kila koki ilipo.

KWA NINI HILI LINATUHUSU KATAVI

Hifadhi ya Katavi ilianzishwa mwaka 1974 na ina kilomita za mraba zaidi ya 4,400. Kinachoibeba ni Mto Katuma. Mto huu unapita Sitalike, unaingia hifadhini na kulisha mabwawa ya Katavi na Chada. Kiangazi kikikolea, viboko wanajazana kwa mamia kwenye madimbwi machache yaliyobaki, wamebanana kama magunia kwenye lori, na wengine wanafia kwenye tope. Kwa miaka mingi sasa maji ya Katuma yamekuwa yakipungua mapema, na watafiti wameeleza sababu kubwa kuwa ni maji kuchepushwa huko juu kwa ajili ya mashamba ya mpunga kabla hayajafika hifadhini.

Nalisema hili kwa sababu mteja wako wa mpunga na mteja wako wa utalii wote wanategemea maji hayohayo. Wewe umesimama katikati yao, unawauzia usingizi. Mto ukikauka na viboko wakaisha, mtalii hana sababu ya kupita kwako. Na mpunga ukikosa maji, mnunuzi wa mpunga naye haji.

Upande wa pili ni msitu. Wilaya ya Tanganyika, hapohapo mkoani, vijiji vinane vinavyotunza misitu ya milima ya Ntakata vinalipwa kupitia biashara ya hewa ukaa. Fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati. Maana yake ni kwamba Katavi tayari kuna watu wanaopata hela kwa sababu mti umesimama. Wakati huohuo, kila gunia la mkaa linaloingia jikoni kwako limetoka kwenye miombo. Kwa matanuru yetu ya kienyeji, kilo moja ya mkaa inakula kati ya kilo 5 na 10 za kuni. Ukinunua gunia, hesabu na kuni ambazo huzioni.

Haya, sasa tuingie kazini.

HATUA YA 1: PIMA WIKI MBILI

Usinunue kitu chochote bado. Chukua daftari. Kila siku, saa moja asubuhi, andika vitu vitano:

1. Wageni wangapi walilala jana.
2. Uniti za LUKU zilizobaki.
3. Maji yaliyotumika (namba ya mita, au madumu uliyonunua, au kipimo cha tangi).
4. Mkaa, kuni au gesi iliyotumika.
5. Mifuko au ndoo ngapi za taka.

Baada ya wiki mbili, gawa kila kimoja kwa idadi ya wageni waliolala. Utapata namba yako: lita ngapi kwa mgeni, uniti ngapi kwa mgeni. Hiyo namba ndiyo mwalimu wako. Bila hiyo utanunua sola ya mamilioni wakati hela yako inavujia kwenye flashi ya chumba namba 3.

HATUA YA 2: MAJI

Tuchukue mfano wa vyumba 8, vyote vimejaa, mgeni mmoja kila chumba, kila mmoja anatumia lita 60. Hiyo ni lita 480 kwa siku, yaani madumu 24 ya lita 20. Tuseme msimu wa shida dumu moja unanunua shilingi 300 (weka bei ya kwako). Ni shilingi 7,200 kwa siku, 216,000 kwa mwezi. Ukishusha matumizi mpaka lita 40 kwa mgeni, unanunua madumu 16. Umebakiza shilingi 2,400 kwa siku, 72,000 kwa mwezi. Na mgeni hajapungukiwa kitu. Unafikaje hapo?

Ziba kwanza. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde inamwaga karibu dumu zima la lita 20 kwa siku. Washa ya koki ni bei ndogo sana. Kwenye choo, tia rangi kidogo ya chakula ndani ya tangi la flashi, usiflashi, rudi baada ya nusu saa. Ukiona rangi imeshuka kwenye bakuli, flashi inavuja.

Punguza flashi. Matangi mengi ya zamani yanamwaga lita 9 au zaidi kwa mara moja. Chukua chupa ya lita moja na nusu, ijaze maji, ifunge vizuri, isimamishe ndani ya tangi mbali na boya. Kila flashi umeokoa lita moja na nusu. Mgeni akiflashi mara 4 kwa siku, ni lita 6. Usiweke tofali, linameng'enyuka na kuharibu vifaa vya ndani. Na jaribu kwanza: kama choo hakisafiki kwa flashi moja, toa chupa, maana mgeni ataflashi mara mbili na umepata hasara.

Shawa na ndoo. Shawa ya kawaida inamwaga lita 10 mpaka 15 kwa dakika. Mtu akioga dakika 5 ni zaidi ya lita 50. Ndoo ya lita 20 na kata inamtosha mtu kuoga vizuri kabisa. Usione aibu kuweka ndoo safi yenye mfuniko na kata nzuri kila bafu. Kwenye shawa, funga kichwa kinachobana maji.

Shuka na taulo. Mgeni mpya, shuka mpya, hapo hakuna mjadala. Lakini mgeni anayelala siku tatu muulize: "Nikubadilishie shuka leo au kesho?" Wengi watasema kesho. Fua kwa pamoja, siyo shuka mbilimbili, na maji ya kusuuzia yapeleke kwenye kudeki na kuflashi.

Maji ya bafuni. Kama una nafasi uani, yaelekeze kwenye shimo lenye mawe na majani, ukiwa umezungushia migomba au mipapai. Usiyahifadhi yakakaa siku mbili, yatanuka. Usimwagilie mchicha wala matembele. Maji ya chooni hayahusiki hapa kabisa, yaende kwenye shimo lake. Na kama una kisima, shimo la choo liwe mbali nacho, angalau mita 30.

Sasa mvua. Mpanda mvua inaanza kama Novemba na kuishia Aprili, na kwa mwaka ni kama milimita 900 au zaidi. Hesabu yake ni rahisi: milimita 1 ya mvua kwenye mita ya mraba 1 ya bati ni lita 1. Paa lako likiwa na mita za mraba 150, na tukitoa asilimia 20 ya yanayopotea, mvua ya milimita 20 inakupa lita 2,400 kwa siku moja. Kwa mwaka mzima ni lita 108,000. Ukiwa unatumia lita 480 kwa siku, miezi 6 ya masika unahitaji lita 86,400. Umeona? Msimu wa mvua paa lako linaweza kubeba sehemu kubwa sana ya mahitaji yako, na watu tunaiacha ikichimba makorongo barabarani.

Lakini nisikudanganye. Simtanki la lita 5,000 ukitumia lita 480 kwa siku linaisha kwa siku 10. Ukitumia lita 320 linafika siku 15. Halitakuvusha kiangazi chote. Kazi yake kiangazi ni nyingine: unalijaza siku maji yanapotoka, ili siku yasipotoka usikimbizane na guta la maji usiku. Mengine ya kuzingatia: funga gata zenye mteremko, weka wavu kwenye mdomo wa tangi mbu wasizaliane, mvua ya kwanza iache ioshe bati kwanza, na maji hayo ni ya kuogea, kufulia na chooni. Ya kunywa yachemshwe.

HATUA YA 3: UMEME

Kwa miaka mingi Mpanda iliwashwa na majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya Taifa, kwa hiyo hakuna haja ya kumfundisha mtu wa Mpanda kuthamini uniti. Tuangalie zinapokwenda.

Taa: kama bado una globu za wati 60, taa 14, saa 5 kwa siku, ukibadilisha kuwa LED za wati 9 unaokoa karibu uniti 107 kwa mwezi. Tuseme uniti moja ni shilingi 350, hiyo ni zaidi ya 37,000. Kama ulishaweka zile za wati 18, faida ni ndogo, kama uniti 19 kwa mwezi, basi subiri ziungue ndipo ubadilishe. Kutupa kitu kizima siyo kutunza mazingira.

Hita ya shawa: hapa ndipo pesa inapoondokea. Hita ya wati 4,500 ikiwaka dakika 10 inakula robo tatu ya uniti. Wageni 8 ni uniti 6 kwa siku, 180 kwa mwezi. Mpanda ina jua la kutosha. Hita ya maji ya jua juu ya bati ni uwekezaji mkubwa kidogo lakini inajilipa. Kama mtaji haupo, anza na tangi dogo jeusi juani: maji ya jioni yanakuwa vuguvugu bila senti. Na Juni na Julai, usiku ukiwa na baridi, chemsha kwa anayeomba.

Umeme ukikatika: wengi wanawasha jenereta la petroli kwa ajili ya taa chache na chaji za simu. Paneli ya wati 200 na betri moja ya 100Ah zinatosha kuwasha taa 14 za wati 7 kwa saa 5, maana hiyo ni nusu uniti tu. Hakuna kelele, hakuna moshi, na mgeni analala. Friji na pasi usiviunge hapo, utaua betri.

HATUA YA 4: JIKONI

Kama unatoa chai ya asubuhi, hapo kuna mkaa. Mwezi Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Anza na yale yasiyohitaji hela nyingi:

Chemsha mara moja, jaza chupa za chai, zima jiko. Jiko linalowaka toka saa 11 alfajiri mpaka saa 4 kwa kumsubiri mgeni mmoja aamke ni hasara tupu. Loweka maharage usiku. Funika sufuria. Tumia jiko banifu badala ya lile la bati tupu. Na chai na mayai hamishia kwenye mtungi wa gesi, mkaa ubaki kwa vitu vya muda mrefu.

Na tusisahau kwamba Mpanda ni mji wa mpunga. Pumba kwenye mashine za kukoboa zipo za kumwaga. Zinaweza kutengenezwa mkaa mbadala au kuchomwa kwenye jiko lake maalumu. Kama wewe ni muuzaji unayetafuta bidhaa, hapo pana biashara.

HATUA YA 5: PLASTIKI NA TAKA

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania nzima tangu tarehe 1 Juni 2019. Lakini chupa ndogo za maji bado zimejaa. Ukiweka chupa moja kwa mgeni na kwa wastani una wageni 5 kwa siku, ni chupa 1,800 kwa mwaka kutoka gesti moja. Badala yake weka jagi la kioo lenye mfuniko na glasi, maji yaliyochemshwa na kuchujwa au ya dumu kubwa la lita 20. Anayetaka chupa iliyofungwa auziwe, siyo lazima kumnyima.

Sabuni ya kipande ikibaki usimpe mgeni mwingine, hiyo haifai. Ikusanye, ikwangue, ya kudeki. Kwa mbele, weka sabuni ya maji kwenye chupa za kujaza tena.

Taka tenga mara mbili: za kuoza (maganda, mabaki) ziende kwa kuku au shimo la mboji, na zisizooza. Chupa safi mpe anayekusanya. Usichome plastiki uani. Moshi wake ni sumu, na kwa kawaida unaingia chumbani kwa mgeni.

HATUA YA 6: NUNUA KARIBU, NUNUA HALALI

Mteja akilala Katavi ale Katavi. Mchele wa hapa, asali ya Mlele na Inyonga badala ya jemu ya kopo, dagaa na migebuka ya Ziwa Tanganyika inayotoka Karema na Ikola. Safari ya bidhaa ni fupi na pesa inabaki kwetu.

Na hapa niseme bila kuzunguka. Usipike nyamapori isiyo na kibali hata kama mgeni mwenyewe ndiye ameileta na anakuongezea hela. Usitengeneze vitanda vya mninga usiojua umetoka msitu gani. Mtu anayejiita rafiki wa mazingira huku jikoni kuna nyama ya kuibia anajichimbia shimo mwenyewe, na sheria ya wanyamapori haina mchezo.

HATUA YA 7: MHUDUMU WAKO NDIYE MRADI WENYEWE

Unaweza kuweka kila kitu, kama mhudumu hajaelewa umetwanga maji kwenye kinu. Yeye ndiye anayeona koki inavuja, anayezima taa, anayejaza chupa ya chai. Kaa naye, mwonyeshe daftari, mwambie namba. Halafu mpe sehemu: mwezi huu tukishusha LUKU kwa shilingi 30,000, elfu kumi ni yako. Utashangaa. Mkimkumbusha mgeni, mkumbusheni kwa heshima. "Karibu sana. Maji kwetu ni hazina, ukiona koki inavuja tuambie" ni bora kuliko karatasi la vitisho lenye herufi kubwa.

SASA TURUDI KWENYE TANGAZO

Hapa ndipo dada yangu alikuwa anataka kuanzia. Kanuni ni moja: andika tu unachoweza kumwonyesha mteja akisimama mlangoni. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja, lakini hata bila sheria, mteja aliyedanganywa ana simu mkononi na nyota moja ya kukupa.

Tangazo baya:
"Gesti yetu ni rafiki wa mazingira kwa asilimia 100. Karibuni."

Mia kwa mia ya nini? Hakuna binadamu anayefika hapo.

Tangazo zuri:
"Vyumba 8, Mpanda mjini, karibu na stendi. Tunavuna maji ya mvua, taa za dharura ni za sola (hakuna kelele za jenereta), maji ya kunywa safi yapo chumbani bure. Chai ya asubuhi na asali ya Mlele. Picha za tangi na paneli ziko hapa chini. Karibu."

Umeona tofauti? La pili halijataja neno "mazingira" hata mara moja, lakini kila mtu ameelewa. Tena kila sentensi ni faida kwa mgeni: analala bila kelele, anakunywa maji bure, anakula asali.

Na mwezi wa tisa je? Mwezi wa tisa andika ukweli kabla mteja hajafika:

"Ndugu mteja, kipindi hiki cha kiangazi maji ya bomba yanakuja kwa zamu. Kila chumba kina ndoo mbili zilizojaa muda wote, na maji ya moto yapo ukiomba. Tunakuomba tuyatumie kwa uangalifu."

Wengi mnaogopa kuandika hivi, mnaona mtakimbiza wateja. Fikiria umetoka Sumbawanga na basi, vumbi mpaka masikioni, umefungua koki inatoa hewa, na hakuna aliyekuambia. Utarudi? Sasa fikiria uliambiwa tangu jana, umefika umekuta ndoo mbili zimejaa na maji ya moto kwenye chupa. Huyo wa pili atakutumia na mwenzake.

Mambo ya kupiga picha: tangi na gata, jagi la maji chumbani, bustani ya migomba, kifungua kinywa na jina la kitu kilikotoka. Kila mwezi weka namba moja ya ukweli: "Mwezi huu tumetoka lita 60 mpaka 47 kwa mgeni." Usiseme umefika 40 kama hujafika. Watu wanapenda kufuatilia safari.

KWA AMBAO HAWANA GESTI

Rudia kusoma hatua zote kwa jicho la muuzaji. Gesti zinahitaji sabuni ya maji kwa dumu, majagi yenye mifuniko, vikapu vya taka, ndoo zenye mifuniko, mkaa mbadala, asali ya vichupa vidogo vinavyorudishwa, taa za LED. Usimwandikie mwenye gesti "nauza sabuni". Mwandikie: "Dada, una vyumba vingapi? Nikuletee dumu moja kila mwezi, nachukua tupu najaza tena." Hapo umempunguzia kazi na taka kwa mara moja.

ANZA NA HAYA WIKI HII

1. Daftari la vitu vitano, kuanzia kesho asubuhi.
2. Jaribio la rangi kwenye flashi zote 8.
3. Washa za koki na chupa ya lita moja na nusu kwenye kila tangi.
4. Chupa za chai badala ya jiko la kuwaka asubuhi nzima.
5. Kikao cha dakika 20 na mhudumu.

Haya matano yote hayafiki bei ya kulala wageni wachache. Akiba utakayopata usiichanganye na hela ya matumizi. Itengee kopo au laini yake ya simu. Ya kwanza inunue gata, zifungwe kabla ya Novemba. Ya pili tangi. Ya tatu sola ndogo. Hita ya jua iwe ya mwisho. Ukianza na kikubwa kwa mkopo, mazingira yatapona, wewe utaumwa.

Dada wa Mpanda alinijibu jana usiku. Amefanya jaribio la rangi. Vyoo vitatu kati ya vinane vilikuwa vinavuja, na kimoja, anasema, "rangi iliisha kabla hata sijatoka bafuni." Miaka yote hiyo alikuwa ananunua maji kwa madumu huku anayamwaga kwenye shimo usiku kucha.

Kuhusu tangazo, amesema atasubiri mpaka afunge gata, ndipo apige picha. Nimemwambia mwembe nao aupige. Kivuli chake kinapoza vyumba viwili vya nyuma bila feni, hiyo nayo ni faida.

Kama una gesti, niandikie kwenye maoni una vyumba vingapi na lita ngapi kwa mgeni. Kama hujui, ndiyo kazi yako ya kesho asubuhi. Mtumie na mwenzako anayelalamika LUKU haikai.

Tukutane somo lijalo. Kazi njema.